Jaza kibofu, toa choo: tulinde majirani wa prostati



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia za kazi, miwani, mavumbi na ngazi zilizovunjika. Leo ninataka kusema juu ya jambo ambalo wanaume wetu hawapendi kulisikia mbele ya watoto. Ni kansere ya prostati, na hasa matunzo yake ya mionzi, yale ambayo wanganga wanayaita radioterapi.

Ninaandika kwa sababu kule dispansere tunasikia maneno mawili mara kwa mara. Neno la kwanza ni la yule anayekataa: «Wataniunguza tumbo lote, heri nibaki na ugonjwa wangu.» Neno la pili ni la yule aliyekubali: «Mimi ni kulala tu, mashini itafanya kazi yake.» Maneno haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yanatoka mahali pamoja: mtu hajaelezwa namna gani viungo vizima vinalindwa, wala ni nani anayevilinda. Mimi ninasema hivi: nusu ya ulinzi huo ni ya munganga na mashini yake, na nusu ingine ni ya mgonjwa mwenyewe, kwa maji anayokunywa na choo anachotoa kila siku. Kama hakuna anayemwambia hivyo wazi, makosa ni yetu sisi watu wa matunzo.

Tuanze na mahali penyewe. Prostati ni tezi ya mwanaume. Kwa kijana mwenye afya ni kama ndimu ndogo. Iko chini ya kibofu cha mkojo, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Nyuma yake kuna utumbo wa mwisho, ule unaoweka choo kikubwa mbele ya kutoka. Kati ya prostati na ukuta wa utumbo huo kuna milimetri chache tu. Tena kansere mara nyingi inaanza upande wa nyuma wa tezi, upande ule ule unaoelekea utumbo. Ndiyo sababu munganga anaweza kuigusa kwa kidole. Ndugu wengi wanakikimbia kipimo hicho kwa haya, na kinamalizika kwa muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu vya kazi.

Basi kansere imekaa katikati ya majirani. Juu kuna kibofu, nyuma kuna utumbo wa mwisho, juu zaidi kuna matumbo membamba, pembeni kuna vichwa vya mifupa ya mapaja, na karibu kabisa kuna mishipa ya nguvu za kiume. Unataka kumpiga mmoja bila kuharibu nyumba za wengine.

Mtu wa baruti ananielewa hapa. Kuvunja jiwe si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuvunja jiwe unalolitaka na kuiacha nguzo ya shimo imesimama. Kwa hiyo anapima matobo, anagawa baruti kidogo kidogo, hapigi yote kwa mara moja. Munganga wa mionzi anafanya hesabu ya namna hiyo.

Ninajua woga wa watu unatoka wapi, na sisemi ni upumbavu. Sisi ni watu wa Katanga. Jina la Shinkolobwe tunalijua tangu utoto. Jiwe la urani lilivumbuliwa pale mwaka 1915, na tangu 1922 kiwanda cha Olen, kule Ubelgiji, kilitoa radiumu ndani ya jiwe hilo. Radiumu hiyo ilipelekwa katika malopitalo kutunza kansere. Kiisha urani ya mahali hapo ikaingia katika kazi ya bomu la atomu la mwaka 1945. Mtoto aliyekua akisikia habari hizo, ukimwambia leo «tutakupiga mionzi», atashtuka. Tena katika miaka ile ya zamani mionzi ilikuwa na nguvu kidogo ya kuingia ndani. Sehemu kubwa ya nguvu yake ilibaki kwenye ngozi. Watu waliungua kweli.

Mwaka 1951, kule Kanada, walianza kutunza wagonjwa kwa mashini ya kobalti 60, na mionzi ikaanza kuingia ndani bila kuchoma ngozi sana. (Usiogope mfuko wa madini: kobalti inayochimbwa Kolwezi siyo hiyo. Inabidi iwekwe kwanza ndani ya reaktere ya atomu ndipo inageuka kobalti 60.) Siku hizi malopitalo mengi yanatumia mashini inayotengeneza mionzi kwa umeme. Ukizima mashini, mionzi imekwisha, haibaki chumbani wala mwilini. Baba aliyetoka kwenye mashini hiyo anaweza kumbeba mjukuu wake jioni ile ile na kulala na bibi yake. Kuna namna ingine, ya kupanda mbegu ndogo zenye mionzi ndani ya prostati na kuziacha humo. Huyo ataambiwa na munganga wake asimpakate mtoto mdogo wala asikae karibu sana na mwanamke mwenye mimba kwa muda fulani. Mambo haya mawili yasichanganywe, maana nyumba nyingi zinamtenga mgonjwa bure.

Sasa tuone nusu ya munganga. Kwanza anakuweka katika skaneri, umelala chali, magoti yameegemezwa, na anachora kwenye picha prostati iko wapi, kibofu kiko wapi, utumbo uko wapi. Wanakutia alama ndogo za wino kwenye ngozi, ili kila siku ulale vile vile. Pengine wanaweka ndani ya prostati punje tatu za dhahabu, ndogo sana, ili zionekane kwenye picha. Mbele ya kichwa cha mashini kuna vibao vyembamba vya chuma kizito vinavyoingia na kutoka, kila kimoja kwa motere yake, vikikata mionzi ifuate umbo la tezi. Mashini inazunguka na kupiga kutoka pande nyingi, ili pande zote zikutane kwenye prostati na kila jirani apate kidogo tu.

Munganga ana mipaka yake pia. Anapima mionzi kwa grei. Katika matunzo ya kawaida, ya grei 2 kwa siku mpaka kufika karibu 78, mpango mzuri hauachi zaidi ya sehemu moja kwa tano ya utumbo wa mwisho kupata grei 70. Kama hesabu inapita hapo, anarudi kuchora upya. Dawa inagawanywa kwa siku nyingi kwa sababu nyama nzima inajitengeneza usiku kuliko kansere. Grei 78 kwa mapigo ya 2 ni siku 39, yaani karibu majuma 8. Wanganga wa Uingereza walitangaza mwaka 2016 habari za wanaume zaidi ya 3.000: grei 60 kwa siku 20, yaani majuma 4, hazikuwa mbaya kuliko njia ndefu. Kwa mtu anayetoka mbali na nyumbani kwake, habari hiyo ina uzito kwa upande wa franga. Lakini mapigo makubwa yanataka mashini nzuri na picha za kila siku. Usimlazimishe munganga kufupisha pale ambapo vyombo vyake haviruhusu.

Katika nchi zenye mali wana tena dawa kama maji mazito, inayoingizwa kwa sindano kati ya prostati na utumbo. Inasukuma utumbo nyuma kadiri ya sentimetri moja, inakaa miezi mitatu hivi, kisha mwili unaimaliza pole pole. Marekani waliiruhusu mwaka 2015. Ni kitu kizuri, na bei yake si ya mfuko wetu. Ninaitaja ili ujue kwamba wao wananunua sentimetri moja. Wewe unaweza kupata sehemu ya faida ya namna hiyo kwa bilauri za maji na choo cha asubuhi.

Nusu yako ndiyo hii.

Prostati haikufungwa kwa misumari. Utumbo ukijaa choo au hewa, unaisukuma mbele, milimetri kadhaa, mara ingine sentimetri nzima. Sasa fikiri: siku ya skaneri utumbo ulikuwa mtupu, munganga akachora. Leo umekula maharagi, hukutoa choo siku mbili, umelala mezani. Prostati imeondoka mahali pake, na pale ilipokuwa sasa pamekaa ukuta wa utumbo. Kansere inakosa dawa, jirani anaipokea. Mtu anayepiga picha akiona hivyo atakushusha, ukatoe choo, urudi kwenye mstari. Usimkasirikie. Amekuokoa.

Kibofu kinataka kinyume chake. Kikiwa na maji ya kutosha kinapanda juu, sehemu kubwa ya ukuta wake inaondoka kwenye mionzi, na kinasukuma matumbo membamba mbali. Kwa hiyo malopitalo mengi yanaagiza: kojoa ukamalize, halafu kunywa maji kadiri ya nusu litri, ungoje nusu saa au saa moja, na usikojoe tena mpaka umetoka mezani. Kipimo na dakika ni vya lopitalo yako. Fuata vile ulivyofanya siku ya skaneri. Mtu mwingine, kwa bidii, anakunywa litri mbili ili alindwe zaidi. Huyo atashindwa kuvumilia, atatikisika mezani, na kibofu kikubwa mno nacho kinabadilisha mahali pa tezi. Kinachotakiwa ni kila siku kufanana na siku ya kwanza. Na mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo, aliyekatazwa maji mengi, aseme mapema.

Juu ya chakula: kula bukari yako kama kawaida, lakini katika majuma hayo punguza maharagi, kabeji na vinywaji vyenye hewa, kama vinakujazia tumbo. Tafuna pole pole. Tembea kidogo asubuhi. Pombe iache ipumzike, kwa sababu inachokoza kibofu kilicho tayari na hasira.

Na sasa neno moja juu ya lavema. Tunajua desturi yetu. Tumbo likifunga, kiuno kikiuma, nguvu za kiume zikipungua, mtu anachukua mpira, anatia maji ya mizizi, wengine wanatia na pilipili, anaingiza nyuma. Hata mtoto mchanga hasalimiki. Lakini utumbo ulio katika mionzi ni kama ngozi iliyokaa juani mchana kutwa: ukuta wake umewaka. Ukiutia pilipili na mizizi usiyojua nguvu yake, unaweza kuutoboa au kuufanya kidonda kisichopona. Kama lopitalo ya mionzi inakupa dawa yake ya kutoa choo, itumie kama walivyosema. Ile ya nyumbani iache kabisa, wakati wa matunzo na baada yake. Hapa ninawaomba akina mama, kwa sababu mara nyingi ni wao, kwa upendo, wanaotengeneza hayo maji.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni haya. Mzee wa miaka 65, aliyekuwa kapita, aliyewaamuru watu 40, anaulizwa na msichana wa umri wa mjukuu wake: «Baba, leo umetoa choo?» Anajibu ndiyo. Hakutoa. Amesema ndiyo kwa sababu neno lenyewe halisemwi hivyo mbele ya msichana. Au hakunywa maji, kwa sababu kwenye kiti cha kungojea aliogopa kujikojolea mbele ya watu, na anasema amekunywa. Ninaelewa heshima hiyo. Baba yangu angefanya hivyo pia. Lakini heshima hiyo inalipwa na ukuta wa utumbo. Kama huwezi kulisema neno, tumia ishara, au umwombe aliyekusindikiza akusemee. Wengine wamejitengenezea karatasi: upande mmoja «tayari», upande mwingine «bado». Hakuna aliyecheka.

Na wewe mfanyakazi mwenzangu wa matunzo unayesoma hapa: usimuulize mzee swali hilo kwa sauti kubwa mlangoni, watu kumi wakisikia. Mwite pembeni. Mweleze kwa nini. Mtu akijua kwamba choo chake kinahamisha tezi kwa sentimetri moja, hatadanganya.

Wagonjwa wetu kadhaa walikwenda mbali kutafuta mionzi. Kuna waliovuka Kasumbalesa kwenda Lusaka, ambako lopitalo ya kansere ilifunguliwa mwaka 2007. Wengine walifika Dar es Salaam, kwenye nyumba ya Ocean Road. Wengine, wenye jamaa au mali, Afrika Kusini au India. Mbele ya kupanda basi, piga telefoni uulize kama mashini inafanya kazi. Mashini hizi zinaharibika, na kipande kinaweza kungojewa miezi. Na kama kule wanakueleza habari ya maji kwa Kiingereza, usitikise kichwa tu. Kule Zambia tafuta anayejua Kibemba. Kwetu wanaokielewa si haba.

Hapa nina shauri kwa wakubwa wa kompani, na ninalisema kwa heshima. Mgonjwa akitumwa kwa matunzo ya majuma 4 au 8, karatasi ya likizo na franga za chakula na malazi vihesabiwe kwa majuma yote, na mtu mmoja wa jamaa ahesabiwe pamoja naye. Kumpa fedha za majuma mawili na kusema «tutaona» ni kumrudisha katikati ya kazi. Anayekatiza mionzi hakufanya nusu ya matunzo. Kansere inapata nafasi ya kujijenga tena, na utumbo wake umekwisha kupokea sehemu yake ya mionzi, ambayo hairudishwi. Ukimwanza upya, munganga hana tena nafasi aliyokuwa nayo mwanzoni. Kwa hiyo fedha kidogo ni mbaya kuliko kungoja. Nyumba ya wageni karibu na lopitalo ni sehemu ya dawa pia: mtu anayepanda mabasi mawili akiwa amekunywa nusu litri ya maji hatafika na kibofu kilichojaa.

Wewe nawe, siku ukijiona mzima katikati ya majuma, usifunge mizigo. Katika siku za mwanzo mara nyingi mgonjwa haoni kitu. Tangu juma la pili au la tatu mkojo unaweza kuchoma na kukuamsha mara nyingi usiku, choo kinaweza kuwa laini, na uchovu unaingia. Sema, kuna dawa. Kwa wengi mambo hayo yanatulia majuma machache baada ya mwisho. Nguvu za kiume zinaweza kupungua pole pole, miezi au miaka baadaye. Hilo pia lina msaada wake, na bibi ana haki ya kuwa chumbani munganga anapolieleza.

Je, inafaa taabu yote hii? Rais Mobutu aliugua kansere hii. Alipasuliwa kule Lausanne mwaka 1996 na akafa Rabat tarehe 7 Septemba 1997. Nelson Mandela aligunduliwa nayo mwaka 2001, akiwa na miaka 83 hivi, akatunzwa kwa mionzi majuma saba. Aliishi mpaka Desemba 2013, miaka 95. Sisemi kila mtu atapata miaka ya Mandela. Ugonjwa haukuwa sawa na hatua zake hazikuwa sawa. Ninasema kwamba mzee wa miaka 83 alilala mezani majuma saba, na baadaye watu waliendelea kumwona akisimama na kucheka.

Kwa hiyo mwenye miaka 50 na zaidi, na mwenye miaka 45 ambaye baba au ndugu yake aliugua, apite dispansere aulize juu ya kipimo cha damu cha PSA. Anayeamka kukojoa mara nne usiku asingoje mpaka mkojo ufunge.

Neno la mwisho ni la wale waliokwisha kutunzwa. Damu kwenye choo inaweza kutokea mwaka mmoja au miwili baadaye. Isikufanye ukimbilie mizizi, wala usiinyamazie, maana damu inaweza kutoka pia kwa ugonjwa mwingine. Njoo tuitazame. Lakini munganga yeyote atakayetaka kuingiza chombo na kukata kipande cha ukuta wa mbele wa utumbo ili akipime, mwambie kwanza: «Nilipigwa mionzi ya prostati, mwaka fulani, lopitalo fulani.» Ukuta huo, ukikatwa ovyo baada ya mionzi, unaweza kushindwa kupona na kufungua tobo. Mbele ya kuondoka lopitalo ya mionzi, omba barua yenye jumla ya grei, hesabu ya siku na mahali palipopigwa. Iweke pamoja na kitabu chako cha matunzo, katika sanduku ambalo bibi anajua ufunguo wake uko wapi.